Ndege Haikuitika Hodi

Baba,

Sasa hivi tu mjukuu wako Kioko amebisha hodi kwa ndege ya Daktari. Ametoka hapa mlangoni amevaa kofia yako, imemfunika mpaka puani, akavuka ule uwanja wa vumbi akipepesuka, akainama chini ya miiba kama mwana-mbuzi, akagonga tumbo la ndege na ngumi yake ndogo. "Odi." Akangoja. Akageuza sikio vile ulikuwa unageuza. "Odi!" Halafu akaniangalia, macho yananiuliza mbona hakuna mtu anasema karibu. Nimemrudisha ndani nikampa sufuria na mwiko, na sasa anabishia sufuria.

Hakuna mtu alimfundisha, Baba. Alizaliwa ukiwa umeshaenda. Nafikiri ameniona mimi, wakati nilidhani hakuna anayeniona.

Nimeketi kwa kigogo chako, pale unaona barabara yote mpaka kwa boma ya jirani yetu Mama Nasieku. Karatasi nimechana kwa daftari la kwaya. Mwandiko utausamehe, shule unajua niliachia wapi. Huko Mbooni tulikokuzika siwezi kufika leo, na leo ndiyo siku nakuhitaji kuliko siku zote tangu tukuweke chini. Kisu cha jikoni kiko hapa kando ya mguu wangu. Usishtuke. Sijamdhuru mtu. Nitakwambia kile kisu kimefanya, lakini wacha nianzie nyuma kidogo, na tafadhali usinikatize na lile neno lako la "Kwa ufupi, Mwikali, kwa ufupi." Leo sina ufupi.

Tangu uende, mambo yamegeuka. Kitengela inatembea kuja huku. Pale tulikuwa tunahesabu pundamilia sasa kuna nyaya na vibao vya kuuza ploti, na pundamilia wakija wanasimama kwa waya wanashangaa kama watu wamepotea stendi. Mvua ile ya El Niño, iliyokuwa inapiga mabati ukikohoa, ndiyo ilikuwa ya mwisho ya maana. Tangu hapo ni jua. Kisima kimebaki tope. Upepo ukivuma tunakula vumbi na ugali.

Lakini ndege ni ile ile. Nyeupe, mstari wa kijani, kiti kimoja mbele na kimoja nyuma. Daktari wa mifugo, mwenye ndege, hakuleta mlinzi mwingine. Baada ya matanga alikuja hapa, mzee wa watu, mguu wake mbovu anauburuta, akamshika mume wangu Mutua bega akamwambia kwa kile Kiswahili chake cha kutibu ng'ombe, "Mzee alikuwa anakuamini. Basi na mimi naamini." Ndiyo Mutua akachukua kazi yako, na sisi tukabaki kwa nyumba hii uliyonilea. Mutua alilia siku hiyo. Alijificha nyuma ya tangi, lakini nilimwona. Unajua mwenyewe vile alivyotoka jela ya Kajiado, vile walimfungia kwa tairi zilizoibiwa na mtu mwingine, akakaa ndani mpaka mwizi mwenyewe akapatikana. Hakuna mtu hapa alikuwa anataka kumpa hata kazi ya kuchimba choo. Ni wewe tu ulisema, "Huyu kijana macho yake hayakimbii."

Alifanya kila kitu vile ulimwonyesha. Kamba za mabawa, kamba ya mkia, mawe chini ya tairi. Na kila jioni boma ya miiba. Wageni walikuwa wanacheka, unakumbuka, wakiona ndege imezungushiwa matawi ya miiba ya oltepesi kama mbuzi. Yule mwalimu wa kwaya alikuuliza, "Mzee, unaogopa itatoroka?" Ukamwambia, "Hapana, naogopa fisi. Fisi anapenda mpira kuliko wewe unavyopenda chapati." Watu hawaamini mpaka waone tairi imetafunwa. Na hawaamini kwamba mwili wake ni kitambaa tu, kitambaa kimewambwa juu ya paipu kama ngozi ya ngoma, kikapakwa rangi. Ng'ombe akipata nafasi anakilamba, anatafuta chumvi.

Na asubuhi, kabla ya Daktari kuruka, ulikuwa unanishika mkono tunazunguka. Unabisha hodi kwa kifundo cha kidole, hapa, hapa, hapa, kutoka pua mpaka mkia. Ndege ikiitika *ti, ti, ti*, unasema, "Yuko nyumbani." Nilikuwa mtoto nikidhani kweli kuna mtu ndani. Siku moja nikakuuliza kwa nini unajisumbua na mwenye ndege ni msomi na anaikagua na tochi. Ukaniambia, "Lori likiharibika, dereva anaweka majani kwa barabara analala chini yake. Ndege haina kando ya barabara, Mwikali." Nilikuwa na kama miaka saba. Mpaka leo nikisikia ndege juu naangalia pembeni yake, natafuta pa kusimama.

Sasa sikiliza vile tumeharibu.

Mume wa Mama Nasieku alipoona nyasi zimeisha alihama na ng'ombe wenye nguvu, akaelekea upande wa Kimana ambako kuna maji. Akamwachia mama na watoto wale dhaifu, na ndama. Boma yao unaijua, miiba imekuwa kuukuu, na hakuna mwanamume wa kukata mingine. Fisi wakaingia. Ndama wa kwanza akaenda. Wa pili akaenda. Asubuhi moja akaja hapa na shuka lake, akakaa kwa hiki kigogo nimekalia, akaanza vile yeye huanza, salamu ndefu, watoto, tumbo, mvua. Halafu akasema, "Mama Kioko, nipe ile enkang, ile boma ya ndege. Miiba yake ni mpya. Ndege yenu hailali ikijigeuza, haitakanyaga ndama wangu."

Baba, ni huyu aliyemkata Kioko kitovu. Niliposhindwa kusukuma alinishika mabega akaniimbia Kimaasai kwa sikio mpaka mtoto akatoka. Ningemwambia nini?

Mutua alikuna kichwa. Daktari alikuwa amesafiri kwao, kupasuliwa ule mguu, ndege ilikuwa inalala tu. Akasema, "Sawa, mama. Lakini ndege ikizaa ndama, huyo ni wangu."

"Ikizaa itazaa helikopta," Mama Nasieku akamjibu, "na huyo uchukue kabisa."

Tulicheka. Tulikuwa hatujacheka siku nyingi. Na ndama wakaja, wadogo, mbavu nje, wakalala chini ya mabawa kama ile picha ya Krismasi ya kanisani. Jioni nilikuwa naenda na Kioko kuwaangalia. Mutua anavuta tawi la mlango, anafunga. Nilikuwa naona tumefanya jambo zuri. Bado sijui kama lilikuwa baya. Hata wewe ungefanya. Niambie ungefanya.

Jambo ambalo hakuna mtu aliwaza ni mama wa ndama. Mugie, yule ng'ombe wa rangi ya kahawa, alikuwa amebaki hapa kwa sababu hana nguvu ya safari. Hana nguvu, lakini aliposikia ndama wake analia upande huu alitoka kwao, akavuka korongo, akaingia kwa miiba na kifua chake. Asubuhi tulimkuta ndani. Damu kifuani, matawi shingoni, ndama ananyonya maziwa ambayo hayapo. Na pembe yake ilikuwa imeingia mkiani mwa ndege. Ilipita kitambaa ikashika paipu, na alipovuta kujitoa, akapinda kila kitu. Ule ubao wa mkia, unaopanda na kushuka, ulikuwa umekunjika kama sikio la mbwa.

Siwezi kumlaumu Mugie. Kama ni Kioko amelala ng'ambo ya miiba akiniita, ningepita. Na hiyo pembe pia ningeipitisha.

Mutua hakupiga kelele. Alikaa chini kwa vumbi. Akasema neno moja, "Kajiado." Nikamwambia hakuna mtu anafungwa kwa sababu ng'ombe ametafuta mtoto wake. Akaniangalia kama mtu anaangalia mtoto. "Mwikali, mara ya kwanza sikuwa nimefanya kitu. Sasa nimefanya."

Akaenda Kitengela akarudi na Njoroge, yule fundi wa madirisha na mageti. Unamjua, anayeongea akiwa na misumari mdomoni. Aliizunguka ndege mikono nyuma kama mnunuzi wa ng'ombe, akasema, "Hii? Hii ni wilbaro imepandishwa cheo." Akawasha makaa, akapasha paipu moto mpaka ikawa nyekundu, akainyoosha na nyundo juu ya jiwe. Akaweka kiraka cha turubai na gundi ya viatu. Akapaka rangi nyeupe, na ule mstari wa kijani akaurudishia. Mkono wake ni mzuri, Mungu ananiona, ungesimama hatua chache usijue. Njoroge alipoenda, Mutua alinawa uso, akala mara ya kwanza tangu asubuhi. Akasema, "Umeona? Imeisha."

Nikangoja aende kuchota maji. Nikabisha hodi.

Pua, *ti*. Mlango, *ti*. Tumbo, *ti, ti*. Nikafika kwa mkia. *Pu.* Kama nimegonga tope. Nikarudia kwa kidole kingine. *Pu.* Nikashika ule ubao nikaupandisha taratibu, na pale juu ukasita kidogo, ukatoa kilio chembamba kama cha panya chini ya gunia. Baba, hakukuwa na mtu nyumbani.

Nilimwambia Mutua jioni hiyo. Tuligombana vile hatujawahi. Aliniuliza, "Wewe umekuwa fundi lini?" Nikamwambia mimi si fundi, mimi ni mtoto wa Baba. Akasema, "Basi Baba aje amwambie Daktari." Halafu akaona uso wangu, akatoka nje. Aliporudi alinifunika na blanketi akidhani nimelala. Si mtu mbaya. Anaogopa tu. Hofu imemkalia kifuani kama kifua chako kilivyokukalia, na hawezi kuikohoa.

Alisema tena, wakati mwingine, kwa upole, hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Daktari ni mzee. Mguu wake haujapona. Pengine hataruka tena. Itakaa hapo tu, na sisi tutakaa hapa tu. Unataka Kioko alale wapi?" Mbooni hakuna mvua pia. Mama anaishi kwa chakula cha msaada. Nilinyamaza nikipika, nilinyamaza nikifua. Nilikuwa naomba kwa Mungu ombi la aibu, kwamba mguu wa mzee usipone haraka.

Hata Mama Nasieku tulimfunga mdomo. Alikuja akimvuta Mugie kwa kamba, akanionyesha pembe. Ilikuwa na rangi nyeupe, na uzi wa kitambaa. Akauliza, "Hii ametoa wapi?" Mutua akajibu mbele yangu kwamba ni mkwaruzo tu, umetengenezwa, tusiongee tena hayo maneno. Mama Nasieku hakubishana. Aliishika ile pembe muda mrefu, akamvuta ng'ombe wake akaenda. Tangu siku hiyo hakurudi kwa hiki kigogo. Na ndama wake akawaondoa kwetu. Nilidhani amekasirika na sisi.

Halafu juzi mwenye duka la pale kwa lami akatuma neno. Daktari amepiga simu. Mguu umepona. Anakuja Jumamosi, ambayo ni leo, aruke mpaka Kimana, ng'ombe wa huko wana ugonjwa wa midomo. Na anakuja na mjukuu wake, msichana, yuko likizo, ataketi nyuma. Anataka kumwonyesha mlima kutoka juu.

Kiti cha nyuma, Baba.

Wewe ndiye wa mwisho wetu kuketi kwa hicho kiti. Nilikufunga mkanda na mikono yangu, tumbo langu limejaa Kioko, maji ya El Niño yamekata barabara, na Daktari anasema tu, "Haraka, haraka, kabla ya wingu." Miaka yote umeilinda na hukuwahi kuruka nayo. Nilipokufikia hospitali Nairobi ulikuwa umebadilika rangi, lakini ulikuwa unatabasamu kama mtu ameiba sukari. Ukaniambia, "Mwikali, nimeona nyumba yetu. Ni kama kiberiti. Na leso yako nyekundu nimeiona kwa kamba, unaianika vibaya." Ndiyo maneno ya mwisho ya maana uliniambia. Baada ya hapo ilikuwa ni kifua tu. Kila nikianika leso naivuta pembe zote mbili. Kila mara.

Na nilipokuwa nakufunga mkanda, sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Kwa sababu gani? Kwa sababu asubuhi hiyo, ukiwa mgonjwa hivyo, umeegemea bega la Mutua, uliizunguka ukabisha hodi.

Leo alfajiri Mutua amevaa shati la kanisa akaenda kwa lami kungoja gari, awaonyeshe njia mpya, ile ya zamani imefungwa na ploti. Akasimama mlangoni. Akasema, "Usiseme kitu, mama Kioko. Nakuomba." Hakunilazimisha, aliniomba. Nikamwambia, "Sitasema kitu."

Sijasema kitu. Nimechukua kisu cha kukata sukuma wiki, nimeenda kwa mkia, nikakata kiraka.

Kilikuwa kigumu, gundi ya Njoroge si mchezo. Nilikata pande tatu nikakivuta kama unachuna mbuzi. Niliwaza, nikikuta paipu ni nzima, basi nimeharibu ndege ya watu na ndoa yangu asubuhi moja, kwa ajili ya sauti ya *pu*. Paipu ilikuwa nyeusi pale ilipopashwa moto. Nikaifuta na leso. Na kulikuwa na mstari, Baba. Mwembamba kama unywele, umezunguka paipu karibu yote. Nikasukuma ubao kidogo na mstari ukafungua mdomo. Nikaachilia, ukafunga.

Nilikaa chini pale pale Mutua alikaa.

Sasa mkia uko wazi, kitambaa kinaning'inia, kipofu anaweza kuona. Hakuna mtu ataruka leo. Hilo limekwisha. Lakini lingine lote halijakwisha, na naogopa mpaka meno yanagongana na jua liko juu. Mutua atasema nimemuuza. Nimemwambia sitasema, na nimesema kwa kisu. Wakimchukua, nitamwambiaje Kioko? Daktari alituamini kwa jina lako, na sisi tumepaka jina lako rangi juu ya ufa. Hilo linaniuma kuliko nyumba. Nau, baba yangu, kama kuna njia ya kuongea na mtu akiwa huko, mwambie Daktari kwa moyo wake kwamba Mutua alifunga miiba kila jioni. Hakukosa hata jioni moja. Kosa lake ni kwamba alimwonea mtu huruma, halafu akaogopa. Na mimi niko na hayo mawili pia.

Naona vumbi kwa barabara. Ni gari.

Limesimama. Mbona limesimama kwa Mama Nasieku?

Baba, nimerudi. Kalamu nilikuwa nimeitupa.

Mutua amekuja mbio peke yake, shati la kanisa limeloa, viatu mkononi. Hakusalimia. Alisema, "Yule mama amesimama katikati ya barabara! Na Mugie! Na ndama! Amekataa gari lipite." Alikuwa anahema, maneno yanatoka vipande. Kumbe Mama Nasieku alikuwa amewavizia tangu asubuhi. Kwao, ng'ombe wako akiharibu cha mtu, unamleta ng'ombe mwenyewe mbele ya mwenye kitu, unasema kwa mdomo wako. Hutumi mtu. Hakuwa amekasirika na sisi. Alikuwa anangoja mwenye ndege. Amemshika Daktari mkono kwa dirisha la gari, ameupeleka mkono wake mpaka kwa pembe, akamwambia, "Huyu ndiye ametoboa ndege yako. Nilimlaza mtoto wake kwako bila kukuuliza wewe. Hasira yako anza na mimi, usianze na kijana."

"Amesema hivyo?" nikamuuliza.

"Amesema usianze na kijana. Mimi nilikuwa hapo kwa gari, Mwikali. Nimekaa nyuma na yule msichana. Nimekaa kimya njia yote kutoka lami, na mwanamke mzee anasema maneno yangu." Akafuta uso na kiatu, hakujua ni kiatu. "Huyo mtoto amevaa soksi za rangi rangi. Ameniuliza kama ndege huuma."

Halafu akageuka, akaona mkia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nilikuwa nimeshamshika Kioko. Mutua alienda taratibu mpaka pale, akasukuma ubao kwa kidole, mstari ukafungua mdomo. Akaachilia. Akasukuma tena. Alikaa hivyo kama mtu anasoma. Nikasikia, "Ungeniambia."

"Nilikuambia."

"Eeh," akasema. "Uliniambia."

Akaweka kiganja kwa macho. Halafu akafanya kitu kimoja. Alichukua lile tawi kubwa, la mlango wa miiba, ambalo leo alikuwa ameliacha wazi ndege itoke, akalivuta akafunga. Amesimama mbele yake sasa hivi ninapokuandikia, mikono chini, kama askari hana bunduki. Kofia yako Kioko amempelekea, ameivaa. Inamtosha. Sikuwa najua inamtosha.

Gari limeanza kutembea tena. Mbele yake anatembea Mugie, na Mama Nasieku ameshika kamba, wanakuja pole pole kama arusi, na gari haliwezi kupita. Kwa hivyo niko na muda kidogo wa kukuaga.

Sijui jioni hii tutalala wapi. Pengine hapa, pengine kwa Mama Nasieku, pengine Mutua alale Kajiado na mimi nilale nje ya ukuta wao na mtoto mgongoni. Naogopa bado. Lakini kuna kitu kidogo kimeinua kichwa kifuani mwangu, kama ndama akisikia mama yake, na siwezi kukizuia. Lala, Baba. Usiamke kwa ajili yetu, nilikuita tu kwa sababu sikuwa na mwingine. Nakuahidi hili: popote nitakapokuwa, kama ni kwa ndege au kwa mlango wa jirani au kwa mume wangu mwenyewe, nitabisha hodi, na ikikosa kuitika sitapita kama sijasikia. Na Kioko nitamfundisha sawasawa, kwa kifundo cha kidole, si kwa ngumi. Barua hii nitaiweka chini ya kigogo chako, mahali mchwa hawajafika, na mvua ikinyesha, kwa maana itanyesha, nitakuja nikusomee mwenyewe huko Mbooni, na nikwambie vile ilivyo

Mutua ananiita. Hakusema mama Kioko, amesema jina langu, "Mwikali, kuja, kuja na mtoto, tusimame wote," na mzee ameshuka kwa gari, ameuacha mlango wazi, anakuja na mguu wake akiwa ameinua kidole vile ulikuwa unainua, naona anataka kwanza kubisha